Mvua ya Siku ya Mungu

Jumamosi, tarehe 17 Januari 2026. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika punde tu, na mabati ya Lubumbashi yalikuwa bado yanadondosha maji. Abigaëlle alitoka uani na rula. Alipima maji katika chupa iliyokatwa, kama alivyofanya kila asubuhi isipokuwa Jumapili. Jumapili mama yake, Victorine, hakuruhusu kazi yoyote. Siku hiyo ilikuwa ya misa na kwaya.

Abigaëlle alisoma hesabu chuo kikuu. Vipimo vyake alivitia katika programu huria ya hesabu. Programu huria ni ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kusoma jinsi ilivyotengenezwa, na kusaidia kuirekebisha. Humo aliona kosa. Siku ambayo haikupimwa, programu iliihesabu kama siku isiyo na mvua, na wastani ulishuka.

Alilirekebisha kosa. Lakini nyumbani alifundishwa kwamba mgeni haendi kwa watu mikono mitupu. Basi akaongeza zawadi: akapanga kurasa upya, akabadilisha rangi za michoro, akatuma vyote pamoja kwa watunzaji wa programu.

Asubuhi hiyo jibu lilifika: "Asante, lakini hatuwezi kupokea. Mabadiliko ni mengi, na hatujui unatatua tatizo gani."

Aliketi kizingitini, akalia.

"Unalia nini, mutoto wangu?" mama yake aliuliza.

"Balikatala kazi yangu, mama. Banatuzarau. Sitatuma kitu tena."

Victorine hakujua mambo ya kompyuta. Alimshika binti yake mikono, wakasali. Kisha akamwita jirani yao Katungu, aliyetunza kompyuta za wafanyabiashara mjini. Katungu alisoma lile jibu, akatabasamu.

"Yaya Katungu, unanicheka?" Abigaëlle alimuuliza, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

"Ninajicheka miye mwenyewe. Hata miye nilifanyaka vile. Sikia: muntu akiingia mu nyumba ya mama yako bila hodi, ahamishe viti, apake ukuta rangi, mama atafanya nini?"

"Nitamufukuza na mwiko!" Victorine alisema. "Hata kama rangi iko muzuri!"

Abigaëlle alicheka huku machozi yakimtoka.

"Bon, basi," Katungu aliendelea. "Bale bantu banajitolea tu. Beko na kazi na batoto. Piga hodi kwanza. Sema kosa moja, onyesha mufano mudogo, kisha ungoje. Bakikubali, tuma rekebisho moja tu, na jaribio la kuonyesha kama inafanya kazi."

"Mufano gani? Kosa ni hili: siku yenye sikupima, programu inasema mvua haikunyesha."

Victorine aliitazama chupa. "Ile mashini inasema mvua hainyeshake siku ya Mungu?"

"Ndiyo, mama."

"Ee! Na kwaya yote tulilowana!"

Katungu alipiga makofi. "Mufano ni ule!"

Abigaëlle aliandika kwa kifupi. Alionyesha vipimo vya juma moja, Jumapili ikiwa tupu, wastani uliotoka na ule uliofaa. Kungoja kulikuwa kugumu. Kila asubuhi alisali na mama yake kabla ya kufungua ujumbe.

Jibu lilitoka kwa mmoja wa watunzaji, mwanamke wa nchi ya mbali: "Umeona vizuri. Unaweza kulirekebisha?"

Alituma mistari michache tu. Wakamwomba aongeze jaribio la juma zima ambalo halikupimwa. Akaongeza. Hatimaye rekebisho likapokelewa, na jina lake likaandikwa kati ya waliosaidia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, kwaya ilikula bukari, yaani ugali, nyumbani kwa Victorine. Katungu naye alikuwapo.

"Simama, mutoto. Baambie," mama alisema.

Abigaëlle alisimama.

"Nilisema banatuzarau. Nilikosea, sikupiga hodi. Sasa, mbele ya Mungu na mbele yenu bote, ninaahidi: mwanafunzi yeyote wa hapa akitaka kusaidia programu ile, nitakaa naye mupaka apige hodi yake ya kwanza. Hapana muntu atalia peke yake ku kizingiti."