Usikunywe Bado, Siméon

Nyumbani kwa Siméon, mjini Butembo, kila asubuhi kuna vita vidogo vya mbabula. Mbabula ni jiko la makaa. Florentine, mke wa Siméon, anataka kupika maharage juu yake. Mama mkwe wake, mzee Kavugho, anataka kuota moto.

"Mama, tosha miguu kidogo, sufuria ipite."

"Sufuria haiko na magoti," Kavugho anajibu. "Miye niko nayo."

Butembo iko juu milimani, na asubuhi yake ina baridi. Kavugho anavaa sweta ya kijani na soksi nene, jua liwake, mvua inyeshe. Magoti yake yanauma. Lakini mdomo wake hauumi hata kidogo, na kila asubuhi vita vinaishia kwa kicheko. Maharage ndiyo yanayochelewa.

Siméon ni seremala, anatengeneza vitanda na milango. Florentine anauza kabichi, karoti na viazi sokoni. Wana binti mmoja, Sagesse, kwa hiyo majirani wanawaita Mama Sagesse na Papa Sagesse. Wanaishi katika nyumba ya kupanga. Mpangaji wa mlango wa pili ni Papa Ilunga. Yeye alizaliwa Katanga, mbali sana, na serikali ilimtuma Butembo kufanya kazi katika ofisi ya ardhi. Baridi inamtesa maskini huyo kuliko Kavugho. Anavaa makoti mawili, moja juu ya lingine.

Mwaka huu, Siméon na Florentine walikuwa tayari kununua kiwanja na kujenga kwao. Akiba waliianza Sagesse akiwa hajaota meno. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa kimejaa. Lakini wanunue wapi? Hapo ndipo furaha ilipogeuka kelele.

"Tushuke Beni," Siméon alisema. "Kule kuko joto. Bulongo iko sawasawa, hapana milima. Mbao iko karibu. Ézéchias anasema batu banatafuta milango kila siku."

Ézéchias ni binamu yake anayeishi Beni. Mtu huyo akianza kusifu Beni kwa simu, betri inakufa kabla yeye hajamaliza.

"Ézéchias akisema kakao inaota mu kitanda, utaamini?" Florentine aliuliza. "Soko yangu iko hapa. Miye hapana kwenda Beni."

"Na magoti ya mama?"

"Magoti ya mama nitayapikia dawa."

Basi ikawa hivyo kila jioni. Beni, Butembo, Butembo, Beni. Kavugho aliota moto na kuwasikiliza. Hakuna aliyemuuliza neno.

Siku moja Florentine alikuwa anaanika nguo. Papa Ilunga alikuwa kwenye jua, anajipasha moto kama mjusi.

"Mama Sagesse," alisema, "juu ya nini unakatala Beni vile? Ni soko paka, soko tu?"

Florentine alikung'uta nguo moja kwanza. Kisha akasema ukweli.

"Papa Ilunga, unamujua dada yangu Germaine. Bwana yake alipokufa, bandugu ya bwana balifika na document ya parcelle, ile karatasi ya kiwanja. Jina ilikuwa moja tu, ya bwana. Balimufukuza na batoto, na godoro ku kichwa. Sasa miye niache soko yangu, niende mbali, niingie mu nyumba yenye haiko na jina yangu? Ninaogopa."

Alipangusa macho kwa nguo aliyokuwa anaanika. Ilikuwa soksi ya Kavugho.

"Ah, mama," Ilunga alisema. "Donc hiyo si mambo ya Beni. Hata hapa Butembo inaweza kukupata. Hiyo ni mambo ya kununua vibaya."

Kisha akamweleza polepole. "Huku kwenu nimeona kitu. Mutu mwenye kuuzisha anatosha kasiksi. Mununuzi akikunywa naye, njo mumepatana, neno imefungwa. Sasa musikunywe mbio. Kwanza musikie batatu. Musikie mvua, juu parcelle inaonyesha sura yake siku ya mvua. Musikie jirani, juu jirani anajua mipaka. Na bwana asikie bibi yake."

Kasiksi ni pombe ya ndizi. Watu wa huko hawainywi na adui, wala hawainywi kwa jambo ambalo hawajakubali. Ukimaliza kikombe cha muuzaji halafu ukarudi nyuma, habari yako itasimuliwa mpaka kwenye harusi za wajukuu.

"Na document?" Florentine aliuliza.

"Karatasi ya muuzishaji peke yake haitoshe. Munaita chef wa quartier, mukubwa wa mutaa. Munaita bale ba kupima, ba bureau ya bulongo. Na munaandikisha majina ya bwana na ya bibi, yote mbili."

Florentine alishika maneno hayo vizuri. Bahati mbaya, Siméon hakuwapo, na jioni kelele za Beni na Butembo hazikumpa nafasi ya kumweleza.

Jumamosi iliyofuata, Siméon alisema anashuka Beni kumsalimia Ézéchias. Kusalimia tu! Alivaa shati lake la misa. Mtu anayeenda kusalimia binamu havai shati la misa, na Florentine aliliona.

Beni ilimpokea Siméon kwa jua tamu. Alivua koti, kisha akavua viatu. Ézéchias akampeleka kwa rafiki yake Ananie, aliyekuwa anauza kiwanja. Kiwanja kilionekana tambarare, kina migomba na mparachichi mmoja mkubwa. Siméon alizunguka humo akiona kila kitu: karakana hapa, jiko pale, mama pale akiota jua. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Hakuuliza swali hata moja.

Ananie akaleta kidumu cha kasiksi na vikombe. Marafiki wa Ananie wakakaa. Siméon alikuwa na kiu ya jua na kiu ya nyumba. Akapokea kikombe, na simu ikalia.

"Papa Sagesse, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Florentine.

"Niko kwa Ézéchias, tunasalimiana."

"Nani anacheka pale?"

Ananie, mtu mchangamfu, akasogeza mdomo kwenye simu. "Mama, furahi! Tumeshapatana! Bwana yako ameshika kikombe!"

Sauti ya Florentine ikapanda.

"Papa Sagesse, umeshakunywa?"

"Bado."

"Usikunywe!"

Sauti ilitoka Butembo, ikashuka milima yote, ikafika kwenye migomba. Kuku walikimbia. Nyuma yake ilisikika sauti nene ya Ilunga: "Mvua! Jirani! Bibi!" Kisha simu ikakatika.

Siméon alibaki na kikombe mkononi. Jasho lilimtoka. Wanaume wote walimwangalia.

"Kasiksi yangu iko na nini?" Ananie aliuliza. Uso wake ulianza kubadilika.

"Haiko na kitu, ndugu yangu. Ni bibi yangu, bado hajaona."

"Eh! Ni bibi njo anakupatiaka ruhusa ya kukunywa?" mmoja alisema, na wote wakaangua kicheko.

Siméon aliona haya. Aliinua kikombe. Tuseme ukweli, mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka upande wa pili wa ua. Alikuwa jirani, mama mtu mzima aitwaye Orpa, anapalilia maharage yake.

"Mumuache akatae. Ananie, na Tamar, yeye ameshakunywa?"

Kicheko kikaisha.

"Tamar ni nani?" Siméon aliuliza.

"Dada yangu," Ananie alijibu, akiangalia chini. "Ako Oicha. Papa alituachia hii parcelle sisi babili. Mais Tamar ameolewa. Ameshaenda."

"Kuolewa si kufa," Orpa alisema, akaendelea kupalilia.

Siméon alimkumbuka shemeji yake Germaine na godoro lake kichwani. Kisha akamkumbuka Florentine. Ananie alikuwa anauza kiwanja huku dada yake akiwa mbali. Na yeye mwenyewe alikuwa anakinunua huku mke wake akiwa mbali. Tofauti ilikuwa wapi? Aliona aibu kweli, na safari hii si kwa sababu ya kicheko cha wanaume. Akaweka kikombe chini taratibu, bila kumwaga hata tone.

"Ndugu Ananie, parcelle yako inanipendeza sana," alisema. "Nitarudi na bibi yangu na mama yangu. Weye utamuita dada yako. Siku ile tutakunywa bote."

Ananie alikwaruza kichwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. "Sawa," alisema. "Mais kasiksi haingojake. Hii tutakunywa siye."

Siméon aliporudi Butembo, alimwambia mkewe kila kitu. Hakujificha.

"Nilikosa," alisema. "Nilitaka kukuletea nyumba kama zawadi."

"Nyumba si kitenge," Florentine alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Papa Ilunga aliwapa shauri moja zaidi. "Muji hapana kununua na macho. Muende bote, mukae kule, muishi siku yenu ya kawaida. Muamke, mupike, mutafute maji, muuzishe, mulale. Muulize benyeji namna busiku iko, na barabara gani iko salama. Muulize benye banalala pale, si benye banapita njia."

Mvua zilipoanza na shule zikafunga, familia nzima ilishuka Beni kwa Ézéchias. Florentine alibeba magunia ya kabichi na karoti kutoka milimani. "Kama hazitauzika, nitajua," alisema.

Ziliuzika kabla ya saa sita. Wanawake wa soko walimzunguka. "Mama, kabichi ya Butembo hiyo? Utarudi lini?" Florentine alijifanya hafurahi. Usiku alimwambia Siméon, "Bei si mbaya." Kwa Florentine, hayo ni makofi na vigelegele.

Waliuliza pia maswali magumu. Chef wa quartier na akina mama wa parokia waliwaeleza wazi habari za usalama: wapi pa kukaa, njia zipi za kuepuka, saa ngapi kila mtu awe nyumbani. Kiwanja cha Ananie kilikuwa katikati ya mji, kati ya watu. Hilo liliwatuliza.

Kisha mvua kubwa ikanyesha. Watu wengine walikimbilia ndani. Siméon na Florentine walikimbilia kwenye kiwanja, wakiwa na jani la mgomba kichwani. Orpa aliwangojea chini ya paa lake.

"Muangalie!" alisema.

Maji yalipita katikati ya kiwanja, pale pale ambapo Siméon alikuwa amejenga karakana katika ndoto zake.

"Mujenge kule juu, karibu na parachichi," Orpa alisema. "Hapa chini muchimbe mufereji, mupande migomba. Maji itapita bila kuwasumbua."

"Wasingya, mama," Siméon alimshukuru.

Na Kavugho? Siku ya kwanza hakutafuta mbabula. Siku ya pili alivua soksi. Jumapili kwaya ilipoimba, alisimama akacheza, pale pale kati ya mabenchi. Sagesse aliona haya akajificha nyuma ya mama yake.

"Mama, magoti?" Siméon aliuliza baada ya misa.

"Magoti gani?" Kavugho alijibu. "Mulipiga kelele kila jioni, Beni, Butembo. Hapana mutu aliniuliza miye. Nilikuwa nangoja."

Wote wakacheka, na kwa kweli ilikuwa haki yake kuwasema.

Jioni hiyo Florentine alikaa karibu na mumewe. "Ninakubali Beni," alisema. "Kabichi nitaifuata Butembo, nitaiuzisha huku. Mais kwa neno moja."

"Ninalijua hilo neno," Siméon alisema. "Majina mbili ku document. Ya kwanza itakuwa yako."

Florentine alimshika mkono. Machozi yalimtoka na kicheko kikamtoka, vyote pamoja.

Siku ya mapatano ilifika. Tamar alikuja kutoka Oicha kwa pikipiki, akiwa na jogoo kwa ajili ya kaka yake na maneno mawili makali. Maneno aliyasema kwanza, jogoo akampa baadaye. Orpa na majirani wengine walitembea mipakani pamoja na chef wa quartier. Kila mmoja aligusa mti wa pembe yake na kusema, "Yangu inaishia hapa." Wafanyakazi wa ofisi ya ardhi ya Beni walipima. Majina yakaandikwa: Florentine na Siméon, wanunuzi. Ananie na Tamar, wauzaji, na kila mmoja akapokea sehemu yake.

Papa Ilunga naye alishuka kutoka Butembo, kama rafiki tu. Alikuja na makoti yake mawili. Alivua moja, akavua la pili, akajipepea na kofia.

"Kumbe dunia bado iko na joto!" alisema.

Kavugho alimcheka mpaka akakaa chini. Kisha akavua sweta ya kijani, akamwekea mabegani.

"Rudia nayo kule juu, mwanangu," alisema. "Miye nimefika kwetu."

Ananie akaleta kidumu kipya cha kasiksi. Tamar alikunywa kwanza, kisha Ananie, kisha Orpa na majirani. Siméon alipokea kikombe kile kile cha siku ile, lakini hakukipeleka mdomoni. Alimpa mke wake.

Florentine alikunywa nusu, polepole, akiangalia mparachichi wao, mahali pa mfereji wao na mipaka yao. Hakuna mtu ambaye angemtoa hapo na godoro kichwani. Akapangusa mdomo, akamrudishia kikombe.

"Sasa kunywa, Papa Sagesse."

Kasiksi ilikuwa imechacha kidogo. Siméon aliinywa yote.