Ndege Kwenye Meza ya Mavuno

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, Nosim alifuta meza yake kwa kitambaa chenye maji, akazipanga chupa za rangi ya kucha kuanzia nyeupe hadi nyeusi, kisha akapaka kidole chake kidogo cha kushoto rangi ya siku hiyo. Hilo ndilo lilikuwa tangazo lake. Wenzake pale sokoni Kwa Mrombo waliita wateja kwa midomo. Yeye sauti ilimkauka kila alipojaribu, basi kidole kikaita badala yake.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne alikuwa amefika katikati ya ukucha, kichwa kimeinama, mkono mkubwa wa mwanaume ulipotokea juu ya meza na kuweka kipande chembamba cha plastiki ya kijivu.

"Dada, samahani. Natafuta rangi ya kijani isiyong'aa. Na kahawia. Nayo ising'ae."

Brashi iliteleza. Rangi ikaenda mpaka kwenye kiungo cha kidole.

Aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye koti la khaki la madereva wa watalii, buti zimejaa tope, kofia ameivua na kuishika kwa mikono miwili kama mtu aliye mbele ya wakwe. Brenda, msusi wa kibanda cha pili, alisimamisha kitana kichwani mwa mteja.

"Kaka, rangi ni ya wifi yetu au ni ya kwako mwenyewe?"

Wanawake kwenye benchi walicheka. Kijana hakucheka wala hakukasirika. Alisema rangi ni ya ndege, na kile kipande ni bawa lake. Akaeleza mambo kwa utaratibu: jina lake Elimringi, kwao Poli, kwa Wameru, kwenye kahawa na migomba, ila amepanga chumba Engutoto. Mgeni mmoja mzee aliyemwendesha msimu uliopita alimwachia boksi walipoagana. Ndani mlikuwa na vipande vidogo zaidi ya mia vya ndege ya kivita, mfano wa zile walizorusha Waingereza katika vita vya pili vya dunia, vya kuunganisha kwa gundi. Rangi haikuwemo. Sasa mvua za masika zimeanza, wageni hakuna, magari yamepaki, naye ana muda.

"Ni ya mtoto wako?" Nosim aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sina mtoto. Ni yangu."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kuimaliza."

Alilisema neno hilo huku anamtazama Brenda usoni, kama mtu aliyekwisha kugombana kwa ajili yake nyumbani, kazini na njiani, na yuko tayari kugombana tena. Nosim aliendelea kumtazama. Hakuwa amewahi kumwona mtu anayechekwa na asijifiche.

Ili aione rangi ilivyo ikikauka, alimwambia alaze mkono mezani. Akampaka ukucha wa dole gumba kijani, juu yake akapitisha dawa ya kuondoa mng'ao. Brenda alijipiga mapaja kwa kicheko. Elimringi alilipa, akavaa kofia, akakatiza katikati ya soko hadi kwenye nyanya, na pale alisimama akibishana bei na mama muuzaji kwa dole lilelile la kijani, amelisimamisha watu wote walione.

Siku mbili baadaye alirudi na bawa limekunjamana kama ngozi ya maziwa.

"Rangi yako imeila ndege yangu, dada."

Nosim alitamani ardhi ipasuke. Rangi ya kucha huwa na dawa inayoyeyusha plastiki. Alilijua hilo, ila siku ile akili yake yote ilikuwa kwenye dole gumba. Alilichukua bawa, akalisugua taratibu kwa tupa ya kucha hadi likanyooka. Kisha akatoa chini ya meza vichupa vyake vya rangi za maji, zile za kuchorea maua kwenye kucha za maharusi, akachanganya kijani na nyeusi kidogo, akapaka mara moja, nyepesi. Plastiki ilitulia.

"Kumbe," alisema Elimringi. Akavuta kigoda, akakaa.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mchana mvua ilipofukuza wateja, alikuja na boksi lake kwapani. Vipande walivikata kwenye fremu zake kwa mkasi wa kucha, wakalainisha maungio kwa tupa, wakafuta vumbi kwa vijiti vya pamba. Tumbo la ndege lilikuwa vipande viwili vya kubandikwa ubavu kwa ubavu. Walivishika pamoja, vidole vya huyu juu ya vya yule, mpaka gundi iliposhika, na ilikuwa gundi ya kuchelewa kushika. Hakuna aliyelalamika.

Elimringi aliongea, Nosim akasikiliza, mpaka siku alipomchokoza kuhusu Mlima Meru. Alisema Waarusha, watu wa kabila la Nosim, wameukalia tu upande wa chini, wenyewe ni Wameru, jina la mlima linatosha kuwa ushahidi.

"Na mji unaitwaje?" Nosim aliuliza bila kuinua kichwa.

"Arusha."

"Basi mkiishiwa sukari huko juu, mshuke kwa adabu."

Elimringi alicheka mpaka akadondosha gurudumu la ndege kwenye beseni la maji ya wateja. Tangu hapo akaacha kumwita dada. Alimwita Nosi.

Rubani alikuwa mdogo kuliko ukucha. Karatasi ya maelekezo ilisema uso wake upakwe rangi ya waridi iliyofifia. Nosim aliisoma, akaisogeza kando, akampaka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Elimringi aliinama kumwangalia kwa muda mrefu.

"Huyu nimesoma naye," alisema.

Hawakufanikiwa kila mahali. Kioo cha rubani walikibandika kwa gundi kali, mvuke wake ukaacha ukungu upande mmoja, nao haukutoka. Elimringi alitaka kununua kioo kingine, lakini kioo kama hicho hakiuzwi Arusha wala Dar. Wakauacha ukungu wao.

Nyumbani, Sokon I, habari zilikwisha kufika. Yeyo, ndivyo Nosim alivyomwita mama yake, alikuwa mjane mwenye kauli fupi na kitambaa cheupe cha umoja wa wanawake kichwani. Hakupiga kelele. Alisema tu, huku anachagua maharage, kwamba marehemu mume wake alikuja kumposa na ng'ombe, na huyu wa sasa anakuja na boksi la midoli. Mwanaume wa miaka thelathini na mbili. Nosim alikuwa na diploma. Hakusomeshwa ili aje kumpikia mtu anayecheza. Nosim alishika ufagio akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Maneno ya kujibu alikuwa nayo yote. Yalifika kooni, yakakaa hapo.

Na kooni ndiko yalikokwama pia mwezi wa sita, Elimringi alipoweka tupa chini na kusema anataka kuwatuma wazee wa kwao waje kwa Yeyo, kama yeye Nosim ataridhia. Moyo wake uliitikia papo hapo. Mdomo ukasema, "Tutaongea."

Aliuliza tena wiki iliyofuata. "Tutaongea, Eli." Safari hii Elimringi alitazama pembeni.

Mwezi wa saba wageni walianza kuwasili. Siku ya mwisho kabla Elimringi hajasafiri nao walibandika alama za mabawani, zile stika zinazolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu, Nosim akizitelezesha kwa kibano cha nyusi. Ndege ikasimama mezani kwa magurudumu yake yenyewe, kijani na kahawia mgongoni, tumboni rangi ya mbingu ya asubuhi. Ilienea kiganjani. Elimringi aliisukuma kuelekea kwake, akaenda.

Alipiga simu kesho yake kutoka Karatu.

"Nosi wangu."

"Abee."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Vumbi tu. Nina Wazungu wanne, mmoja anaogopa mbuni." Nosim alicheka kidogo, naye akakisikiliza kicheko hicho mpaka kikaisha. "Ndege ipo?"

"Ipo. Naitunza mpaka urudi."

"Sikukupa unitunzie. Ni yako." Upepo uliingia kwenye simu. "Sikiliza, mpenzi. Lile swali sitauliza tena, naona nakuchosha. Nikirudi nitaangalia tu umeiweka wapi. Ikiwa uvunguni, nitaelewa. Ikiwa mahali pa heshima, nitaelewa pia."

"Eli, mimi..."

Simu ilikatika. Walikuwa wameteremka kusikokuwa na mtandao.

Nosim alikaa na ndege mapajani akifikiri mahali pa heshima ni wapi. Kabati la vyombo la Yeyo? Dirishani, jua liibabue? Jumapili iliyokuwa mbele ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kila nyumba ingepeleka kanisani malimbuko, cha kwanza na kizuri kuliko vyote kilichotoka mikononi mwao mwaka huo. Yeyo alikwisha kuchagua mkungu wake wa ndizi. Na mikono ya Nosim ilikuwa imetoa nini mwaka huo, kilicho kizuri kuliko hiki?

Alijua vilevile kwamba baada ya ibada malimbuko hunadiwa nje, na mtu huweza kukinunua chake mwenyewe, akarudi nacho nyumbani kikiwa kimebarikiwa. Ila kunyanyua mkono mnadani, mbele ya usharika mzima, hapo hapana. Akambembeleza Brenda amnunulie. Brenda alimtania mpaka akachoka, kisha akakubali.

Jumapili alivaa gauni la kitenge cha bluu lenye mikono ya kupuliza, akaibeba ndege kwenye sinia juu ya kitambaa cha kufuma. Yeyo alitembea hatua mbili mbele, kama hawajuani. Ndani ya kanisa aliiweka madhabahuni, katikati ya mikungu, maboga na magunia ya mahindi. Mchungaji alitua, akaitazama, akaweka mkono juu yake kama alivyouweka juu ya vingine. Nosim alirudi kwenye benchi amejaa furaha.

Nje mambo yalikuwa mengine. Mnadishaji alikuwa Mzee Solomoni, mwenye koti la kijivu na ulimi uliojaa chumvi. Aliuza majogoo, akauza miwa, akauza mkungu wa Yeyo. Kisha akainua sinia.

"Na hii wapendwa? Hailiwi, haiatamii, na sijui ilitoroka kutoka banda gani."

Uwanja ulicheka. Mtu akasema ni silaha, imeingiaje nyumbani kwa Bwana. Mwingine akasema ni kazi ya yule dereva wa rangi za kucha, na kicheko kikaongezeka. Brenda alinyoosha mkono. Muuza nyama mmoja alipandisha bei, alisema anamchukulia mjukuu wake, jioni itakuwa imekwisha kuwa vipande. Brenda akapandisha tena.

Ndipo Nosim alipomwona. Elimringi alisimama karibu na geti, vumbi la safari bado kwenye koti, amerudi siku moja kabla ya ratiba na kuja moja kwa moja kumtafuta. Alikuwa akiitazama meza: ndege yake kati ya kuku na mabaki ya miwa, inauzwa, watu wanaicheka. Kisha akamtazama Nosim, aliyesimama katikati ya wanaocheka, mdomo umefungwa. Hakuonyesha hasira. Alivaa kofia yake na kugeuka.

"Imekwenda kwa Brenda," alisema Mzee Solomoni.

Ndege ilikuwa imepona, na hilo halikusaidia kitu. Nosim alijikuta anatembea. Alipita mbele ya Yeyo, akafika mezani, akaweka kiganja kwenye ukingo wake.

"Shikamoo Mzee Solomoni. Naomba kusema neno."

"Marahaba, mwanangu. Hapa watu husema kwa bei."

"Langu halina bei."

"Sauti," aliita mtu kutoka nyuma, kama wanavyowaambia watoto wa kwaya. Nosim alivuta pumzi, na sauti iliyotoka hakuwa ameisikia kabla ya siku hiyo.

"Elimringi, usitoke. Ulisema utaangalia nimeiweka wapi. Niliiweka madhabahuni. Sina mahali pa juu kuliko pale. Huku nje imeletwa na utaratibu wetu, na Brenda ameninunulia mimi, kwa sababu niliogopa kunyoosha mkono."

Elimringi alisimama, mkono bado kwenye geti.

"Na nyinyi nimewasikia mnacheka. Chekeni. Tumeitengeneza wawili, masika nzima. Haizai, haipikiki. Ni nzuri tu. Mwakani nitaleta nyingine, mje mcheke tena."

"Nosim," alisema Yeyo kwa sauti ya chini, ile ya kuonya.

"Yeyo, samahani, niache nimalize. Nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote." Akamgeukia tena yule aliye getini. "Swali lako halikunichosha, Eli. Nilisema tutaongea kwa sababu jibu lilinikwama. Jibu ni ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu mwezi wa nne. Nakupenda. Walete wazee wako, na majina yetu yasomwe hapa kanisani Jumapili tatu, na mwenye pingamizi asimame alitaje mbele ya watu, kama mimi nilivyosimama leo."