Ufunguo wa Pili

Kila alasiri Benita alipotoka shuleni alipanda ngazi hadi ghorofa ya nane, kwa kuwa lifti ya jengo lao la mtaa wa Berea ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Akifika juu, miguu ikimuuma, alipitia kwanza kwa Mama Angélique, fundi cherehani kutoka Bukavu, na kumpa paka wake, Kofia, kichwa cha samaki.

Alhamisi moja, kwa siku ya pili mfululizo, alikuta chumba kimefungwa kwa kufuli. Nyuma ya mlango Kofia alilia kwa sauti iliyokauka.

"Mama Angélique yuko wapi?" alimwuliza Aloys, mpangaji wa chumba cha jirani.

"Hospitali. Juzi aligongwa na teksi alipokwenda Fordsburg kununua bitana. Amevunjika mguu. Muuza bitana ndiye aliyenipa habari leo."

"Basi tuvunje kufuli, kaka Aloys!"

"Eish! Humo mna nguo za wateja. Ikikosekana hata suruali moja, mwizi nani? Aloys! Nenda kamwambie baba yako."

Gaston, baba yake Benita, alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo za ulinzi huko Sandton. Alimsikiliza akiwa amefumba macho.

"Papa, atakufa kwa kiu."

Gaston alishusha pumzi, akavaa tena viatu alivyokuwa ndiyo kwanza amevivua.

Walifika hospitalini muda wa kuwaona wagonjwa ukikaribia kwisha. Mama Angélique alipowaona, hakutaja mguu wake.

"Kofia mzima?"

"Analia, Mama. Ufunguo uko wapi?"

"Kwenye mfuko huo wenye nguo zangu. Ni huo mmoja tu. Huuvaa shingoni nisiibiwe, ila wauguzi waliuvua. Simu ilivunjika, na kichwani sina namba ya mtu hata mmoja." Machozi yalimlengalenga. "Nimelala hapa nikihesabu siku zake."

Wakauchukua, wakarudi. Gaston alipumzika kila ghorofa, mkono ukutani. Aloys aliitwa asimame shahidi, kisha Benita akafungua.

Kofia alikuwa amejikunyata chini ya cherehani, mbavu zikihesabika. Bakuli lake lilikuwa kavu. Kilichomwokoa ni maji ya maharage yaliyokuwa yamelowekwa kwenye sufuria. Benita alimnywesha kidogo kidogo, hadi akasimama.

Wiki tatu baadaye, Mama Angélique alipanda ngazi zile kwa magongo, akitweta. Alipoketi tu, alitoa funguo mbili mpya, akampa Benita mmoja na Aloys mwingine.

"Hata mimi?" Aloys alicheka. "Si uliniita mla samaki wa paka, siku ile kichwa kilipopotea?"

"Nilikuita, na bado nakushuku. Lakini shika." Kisha akawaonyesha karatasi aliyoitia kwenye pochi: Nina paka nyumbani. Mpigieni Gaston. Chini yake palikuwa na namba ya simu.

"Benita, mwanangu," alisema, "kufuli halimjui mwizi wala mwokozi, humzuia yeyote. Anayefuga kiumbe amtafutie mlezi wa pili akingali mzima, kwa maana ajali haipigi hodi."

Benita alitia ufunguo uzi, akauvaa shingoni, akaenda kumtafutia Kofia kichwa cha samaki.