Nguzo ya Tisa

Kishonapicha kilipoanza kazi asubuhi ile, mlio wake haukuzidi ule wa maji yanayokaribia kuchemka. Mikono yake sita ilichambua vitambaa, ikakata, ikapanga, kisha sindano mia mbili zikashuka kwa pamoja. Baada ya dakika kumi na moja, mnara wa saa wa Bondeni, uliobomolewa miaka tisa iliyopita, ulikuwa umelala mezani kwa rangi zake zote, na mishale yake ikionyesha saa nne kasorobo kama ilivyozoea hata ilipokuwa mbovu.

Mhandisi Sikudhani Semboja alikuwa kando, kikombe cha chai mkononi. Chombo hiki alikibuni mwenyewe, na sasa kazi yake kubwa ilikuwa kukitazama tu.

Bonde lilipochukuliwa ili kijengwe kituo cha kurushia vyombo vya anga, watu wote walihamishiwa kwenye maghorofa ya Bondeni Juu, ambako lifti inakujua kwa jina na roboti inafua shuka zako kabla hujakumbuka kuwa ni chafu. Wengi walifurahi, na tusiwasute kwa hilo. Ila wazee walianza kupotea njia kutoka kitandani hadi jikoni. Madaktari wakashauri wapewe cha kukumbukia, na Baraza la Jiji likaagiza blanketi la vipande arobaini, kila kipande na jengo lake, litundikwe ukumbini Ijumaa.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Akili unde ilikusanya maelfu ya picha za kila jengo, zilizopigwa na watu mbalimbali kwa miaka mingi, ikazilaza moja juu ya nyingine. Kilichoonekana katika picha chache, mbwa, wingu, baiskeli, bwana harusi na suti ya kuazima, kilihesabiwa kuwa mpita njia, kikafutwa. Kilichokuwapo katika picha zote kilikuwa jengo. Kikakatiwa kitambaa.

Shida ilizuka kwenye kipande cha thelathini na nane, stesheni ya reli. Baraza ya stesheni ile ilikuwa na nguzo nane, na kila mtoto wa Bondeni alijua, maana walijifunzia kuhesabu hapo. Kishonapicha kilishona tisa. Ya tisa ilikuwa fupi, chini ya ngazi, ya kitambaa kilekile cha kijivu cha jiwe, na ilikuwa na kichwa na mabega.

Sikudhani aliuliza chombo. Kioo chake kikajibu kwamba nguzo ya tisa ilionekana kila mwaka kwa miaka thelathini na mmoja, mahali palepale, kwa umbo lilelile, kwa hiyo ni sehemu ya jengo.

Sikudhani alimtambua mama yake mara moja, na uso ukamwaka kwa aibu. Wenzake kazini aliwaambia siku zote kwamba mama yake alikuwa mfanyabiashara. Uongo haukuwa, ila lilikuwa neno zuri la kufungia mazungumzo.

Bwana Semkiwa, mwenyekiti wa kamati ya blanketi, alipita mchana, akahesabu nguzo, akasema hiyo moja ni kosa, itolewe kabla ya Ijumaa. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja. Sikudhani alinyoosha kidole, akakirudisha. Jioni alikikunja kile kipande na kupanda nacho ghorofa ya kumi na tisa.

Baada ya shikamoo na marahaba, mama yake alikitandaza mapajani na kukipapasa. Alitaja ofisi ya tiketi. Alitaja bomba la maji. Kidole kikafika kwenye nguzo ya tisa.

"Nani huyu?"

"Ni wewe, mama."

Sikudhani alikuwa amejiandaa kwa machozi au kwa ukali, lakini alichoulizwa ni kingine.

"Mbona mikono mitupu?"

Sikudhani akaeleza. Jiko la mkaa halikukaa siku zote mahali pamoja, chuma cha vitumbua kilibadilishwa, wateja walikwenda zao, moshi ndio usiseme. Vyote vilifutwa.

"Miaka yote ile sikukaa mikono mitupu hata siku moja," mama alisema. Kisha kidole kikasogea kulia, penye kijivu kitupu. "Na wewe uko wapi?"

Hapo ndipo Sikudhani alipokuwa akikaa utotoni. Kitumbua cha kwanza cha kila siku hakikuuzwa. Kiliwekwa juu ya kifuniko cha sufuria kumngojea yeye atoke shule. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo alivyosomeshwa, hadi alipopanda treni akiwa na miaka kumi na saba.

"Picha zangu hazikufanana," alisema polepole. "Nilikuwa nakua. Chombo kiliniona mpita njia."

"Basi hakikukosea sana," mama alisema bila uchungu. "Ulipita."

Sikudhani alilia. Alipotulia aliahidi kujishona pale alipokuwa akikaa, mama akakataa.

"Usijitie. Nirudishie jiko langu, na kifuniko changu."

Walishona kwa mkono, mezani, siku mbili. Mama alishona jiko kwa kitambaa cheusi na moto kwa uzi mwekundu. Sikudhani, aliyebuni chombo chenye sindano mia mbili, alijichoma kidole mara nne. Kifuniko chake kilikwenda upande.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Bwana Semkiwa alipita kipande kwa kipande akisifu, akasimama mbele ya stesheni, akageuka kumtafuta mhandisi.

"Nilisema hii itolewe. Nani huyu?"

"Mama yangu," Sikudhani alijibu, na sauti yake ikafika hadi nyuma. "Alikuwa akiuza vitumbua pale."

Mwenyekiti alitazama tena. Hakuzungumzia tena kutoa. Aligusa kile kiduara cheupe kilichokwenda upande, na kidoti cha rangi ya kahawia katikati yake, pembeni ya nguzo ya tisa.

"Na hiki?"

"Kitumbua changu."

"Kitakuwa kimepoa sasa," mama alisema kutoka kiti chake cha mbele.

Watu walicheka kidogo. Sikudhani hakucheka. Alimwacha mwenyekiti amesimama, akaenda kukaa mkono wa kulia wa mama yake.