Jumba la Mitindo Lililofunga Mlango

Ulipita pale ukienda kufungua duka lako, usikatae. Ulimsikia fundi cherehani akishona mchana kweupe, mlango umefungwa, bati linamchoma, blanketi amelisokomeza chini ya mlango ili sauti isitoke. Ukatazama kando. Ukasema hayo ni yake.

Yalikuwa ya mtaa mzima. Fundi viatu akigonga debe, maana yake watu wa kodi wamefika, na kila mlango unafungwa. Wamezoea hivyo tangu enzi za mama zao. Fundi alikuwa akikaa gizani, mguu juu ya kanyagio, hata mate anaogopa kuyameza.

Siku moja alipofungua, akakuta notisi mlangoni. Amekadiriwa kodi ambayo hata ashone mwaka mzima bila kula, haitoshi. Asipolipa, cherehani inabebwa. Hiyo cherehani ndiyo iliyokuwa inawalisha wanawe. Akajaribu kushona, uzi ukakataa kuingia kwenye sindano.

Akamwita wifi yake, mtunza hesabu wa bohari la vitambaa ng'ambo ya barabara. Wifi akasoma notisi, akatoka nje, akatazama bango juu ya mlango. Mume wa fundi, mchora mabango, alikuwa ameandika JUMBA LA MITINDO na kuchora cherehani safu nzima.

"Kaka yangu na majivuno yake," wifi akasema. "Wamekuta umefunga, wakakadiria bango."

"Wifi, usinichekeshe. Roho inanitoka."

Wifi akamweleza kwamba bosi wake hafungi mlango hata siku moja. Watu wa kodi huwapa kiti, akawaonyesha stakabadhi za pango, umeme na mishahara. Hizo gharama hutolewa kwanza. Kodi ya mapato hutozwa kwenye faida inayobaki.

"Na mimi je?"

"Wewe umetozwa kama vile uzi unauokota barabarani. Tena ukinunua sabuni, kodi iliyomo ni ileile anayolipa bosi. Yeye hata haihisi. Wewe imeondoka na mboga ya watoto."

Hofu haikumtoka fundi, ila sasa ilichanganyika na hasira. Wakapeleka pingamizi ofisi ya kodi kabla muda wa kupinga haujaisha, pamoja na stakabadhi za uzi na pango. Akaambiwa ofisa atakuja kujionea.

Debe likagongwa. Milango ikafungwa, paa, paa. Fundi akainuka kwenye cherehani. Akalivuta blanketi, akafungua.

Ofisa akatazama huku na huko. "Cherehani nyingine ziko wapi?"

"Ziko nje, kwenye bango. Mume wangu ndiye aliyezichora."

Ofisa akacheka bila kutaka. Kodi ikashushwa hadi kiasi anachokimudu. Cherehani ipo, inalia mlango wazi, na fundi viatu ameacha kugonga debe.

Lakini ushuru wa soko, ule unaotozwa na baraza la mji, bado ni mmoja kwa chumba kile na kwa bohari zima. Huo hauondolewi na mtu mmoja. Baraza linasikiliza maoni wiki hii, na wenye mabohari wameshawahi viti vya mbele. Wewe bado umejifungia. Toa hilo blanketi mlangoni. Chukua stakabadhi zako, mgongee jirani, mwende barazani leo.