Nyuzi Nne za Mzee Mbuvi

Jua lilikuwa linazama nilipofika Kasikeu kuchukua fidla. Kazi yangu ni hiyo: nanunua ala kuukuu za makanisa na za marehemu, nazisafisha, naziuza kwa mnada wa mtandaoni kwa watu wa ng'ambo. Kwetu Mtito Andei wananicheka, eti Muturi anauza mbao. Wacheke tu.

Mjane, Susu Mbithe, yaani Bibi Mbithe kwa Kikamba, alinikabidhi kwa mkono mmoja. Wa pili aliuficha ndani ya leso. Nilidhani ni baridi.

Fidla yenyewe... mama yangu! Mgongo wa rangi ya asali, na karatasi ya fundi wa Ulaya bado imo ndani. Mmisionari alimwachia mume wa susu, mzee Mbuvi, naye akaipiga kanisani mpaka akafa. Ila nyuzi zilikuwa zimekatwa zote, vipande vinaning'inia.

"Wewe peleka tu," mjane alininong'oneza. "Lakini nyuzi usiweke. Mtu wa muziki akikufa, tunakata. Asipate njia ya kurudi."

"Sawa, susu."

Nilisema sawa ili niondoke.

Nikaiweka mnadani. Kwa siku tatu wanunuzi waliuliza swali moja: sauti yake ikoje? Fidla nzuri hainunuliwi kwa macho. Mke wangu Ciku hufundisha watoto fidla kanisani. Vidole vyake vya kushoto nilivipenda kabla sijampenda yeye mzima. Jumamosi jioni nikatia nyuzi mpya nne, nikasimamisha simu irekodi, nikamwomba apige kidogo.

Akaanza wimbo wa Krismasi.

Katikati, wimbo ukageuka.

Harufu ya ugoro ikajaa sebuleni. Kwetu hakuna anayenusa ugoro. Ciku alikuwa anapiga kitu cha kasi nisichokijua, macho yamemtoka.

"Ciku, punguza."

"Si mimi," alinong'ona. "Muturi... siwezi wacha."

Damu ilianza kutiririka kwenye shingo ya fidla. Nyuzi zilikuwa zinazama vidoleni mwake kama waya kwenye sabuni. Nikaurukia mkono wake. Upinde ukanichapa usoni, ukanipasua shavu mpaka nikaonja damu. Nikamkamata kiuno, tukaanguka, meza ikavunjika chini yetu. Akaendelea kupiga akiwa sakafuni, analia. Kisha nikasikia mfupa.

Krr... krr...

Nikachukua koleo.

Nikakata uzi wa kwanza. Ciku akapiga yowe. Kidole chake kidogo kilianguka kando ya goti langu.

Nikaganda. Ningefanya nini? Nyuzi zilizobaki zilikuwa zinashuka kuelekea kiganjani. Nikakata wa pili. Kidole cha pili.

Nikakata.

Nikakata.

Kimya.

Kesho yake, Ciku akiwa hospitalini, niliweka mnadani ule mwanzo wa video, wimbo wa Krismasi peke yake. Naungama: nilitaka fidla ile itoke nyumbani kwangu. Niliandika haina nyuzi. Sikuandika kwa nini. Bwana mmoja wa ng'ambo aliwashinda wote, nikamtumia.

Baada ya wiki tatu nilirudi Kasikeu. Susu Mbithe aliliangalia kovu la shavu langu, akatoa mkono ndani ya leso. Kilibaki kidole gumba tu.

"Na wewe ulikata uzi mmoja mmoja?" aliuliza.

"Mzee anataka nini, susu?"

"Mkono. Wake ulioza kitambo."

Pale pale mlangoni nikamwandikia yule bwana: tafadhali, usitie nyuzi. Jibu liliingia kabla sijafika barabara kuu. Umechelewa, aliandika. Binti yangu ana miaka tisa, na hajawahi kupiga hivi. Msikilize. Chini yake kulikuwa na video.

Sijaifungua. Sina ujasiri huo. Simu nimeizima, nimeiweka kabatini chini ya mablanketi.

Ciku ameketi hapa mbele yangu anakunywa chai kwa mkono wa kulia. Sijamwambia lolote. Lakini bandeji ya mkono wa kushoto imeanza kuchezacheza, haraka haraka, na ile harufu ya ugoro imerudi. Anaweka kikombe chini. Anageuza kichwa kuelekea kabatini.

"Muturi," ananiuliza, "huyo mtoto anayelia ni wa nani?"