Mabonge Kumi na Moja

Katikati ya Januari, theluji ikiwa imefika usawa wa dirisha, nyasi zilichipua ukutani nyuma ya kitanda cha mtoto.

Gunvor alizitazama kwa muda mrefu. Nyumba yao, kama zote katika mbuga ile ya Dakota isiyo na mti hata wa kujinyongea, ilijengwa kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa kwa plau pamoja na nyasi na mizizi yake, yakapangwa kama matofali. Ukuta kuota maua mwezi wa Mei si ajabu. Lakini Januari? Maji ya ndoo yaliganda hatua nne tu kutoka kwenye jiko.

"Ni joto la jiko," alisema mumewe, Torger, bila kugeuka. Alikuwa akisokota majani makavu ya kuchoma, maana kuni huko ni hadithi.

"Jiko liko ukuta wa pili."

"Basi ni baraka. Mwanamke wewe, hata nyasi zikiota unanung'unika?"

Kunung'unika! Gunvor alikuwa amevuka bahari kwa sababu ya barua. Torger, mgane, aliandika kijijini kwao Norwei akitafuta mke. Wa kwanza, Aase, alifia melini na kuzikwa baharini, ndivyo alivyosema. Aliahidi nyumba nzuri. Gunvor alifika akakuta shimo lenye dirisha, akameza uchungu wake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kitu kimoja tu alichopata huko kilimfanya asijutie kuzaliwa, naye ni Marit, bintiye wa miezi saba.

Na sasa Marit alikuwa anakwisha. Tangu nyasi zile zichipue alikataa titi la mama yake, akawa anageuza uso ukutani na kunyoosha mikono. Alikonda mbavu zikahesabika. Kila asubuhi Gunvor alimkuta na udongo mweusi midomoni, na pale kitandani palinuka maziwa yaliyochacha, ilhali ng'ombe wao alikuwa amekauka tangu Krismasi.

Siku ya tatu ya dhoruba ya theluji, saa sita mchana lakini giza kama la magharibi, Torger alitoka kulisha mifugo huku ameshika kamba iliyofungwa kutoka mlangoni mpaka zizini, asipotee thelujini. Gunvor akabaki anakanda unga. Hapo akasikia sauti ndogo, laini, sauti ambayo mama yeyote anaijua hata usingizini, ya mtoto anayenyonya. Akageuka taratibu, unga mikononi, akamwona Marit amejibandika ukutani, mdomo umezama katikati ya nyasi, koo likipanda na kushuka, anameza, na ukuta nao ukipanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyepata alichokitafuta muda mrefu, na kutoka kwenye mizizi, kwenye shavu la mwanawe, tone jeupe likatiririka mpaka shingoni, na alipomrukia na kumng'oa pale mtoto alilia kilio cha aliyepokonywa mama, na ukuta ukashusha pumzi.

Dhoruba ilipotulia, Torger alimleta Bibi Berte, mkunga wa shamba jirani. Si kwamba aliamini; alichoka na kelele za mkewe. Bibi Berte alijua kusoma maradhi ya watoto kwa madini ya risasi. Aliiyeyusha kwenye upawa, akamwambia Gunvor ashike bakuli la maji juu ya kichwa cha Marit, akaimimina humo. Maji yakalia. Risasi ikaganda, na bibi akaigeuza kiganjani mara mbili. Umbo lake lilikuwa la mwanamke amelala chali, na kitu kidogo kwenye mkono wake.

"Torger," alinong'ona bibi. "Kaburi la Aase liko hali gani?"

"Bibi, Aase alizikwa baharini," alisema Gunvor.

Bibi Berte akamtazama kwa huruma. "Baharini! Mwanangu, ni mimi niliyemzalisha, hapo nyuma ya kisima, ndani ya gari la ng'ombe. Alikufa yeye, na mtoto akamfuata kabla hajanyonya hata tone. Hukuambiwa?"

Gunvor akakumbuka. Nyuma ya kisima palikuwa na kipara cha ardhi, urefu wa kitanda, hapaoti hata jani. Alidhani ndipo ng'ombe anapolala.

"Torger. Mabonge ya pale kaburini yako wapi?" aliuliza Gunvor.

Mumewe alisokota majani, akasokota tena. "Nyumba ilipungukiwa kumi na moja," alisema hatimaye. "Theluji ilikuwa inakuja. Ardhi ilikuwa imekauka, plau haiingii. Na yale... Yale yalikuwa yameshakatwa."

Yalikuwa yameshakatwa. Gunvor hakuogopa tena. Alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote.

"Yarudi leo," alisema bibi. "Huyu mtoto hana siku tatu."

"Mtoboe ukuta Januari? Mna wazimu? Tutakufa sote!"

"Ulimvua maiti shuka ukajifunika wewe," alisema Gunvor. "Leo uionje baridi yake."

Akatwaa koleo. Aliyang'oa moja moja, na kila bonge lilikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni. Upepo ukaingia ukazima taa. Alipopakia la kumi na moja kwenye sileji, gari la kuteleza juu ya theluji, Torger alishika kamba akaivuta, kichwa chini, mpaka nyuma ya kisima. Wakafukua theluji, wakamfunika Aase kwa mabonge yake. Bibi alimlazimisha Torger aite jina la marehemu. Aliliita mara moja tu.

Kisha Gunvor akang'oa kifuniko cha kasha lake la harusi, alilopewa na mama yake, lenye maua ya rangi, akachora AASE kwa msumari, akakisimamisha pale.

"Kasha la mama yako!" alisema Torger.

"Ubao unakuuma. Mke hakukuuma."

Tundu waliliziba kwa magunia ya majani, wakakaa na makoti mwilini. Asubuhi yake Marit alishika titi la mama yake, akanyonya mpaka akasinzia. Gunvor alilia kwa furaha, na kwa hasira pia, maana hakuwa na pa kwenda. Tangu siku hiyo aliongea na mumewe mambo ya ng'ombe na ya chumvi tu.

Mwezi wa Mei Torger alijenga upya ukuta kwa mabonge ya mbali, Gunvor akimsimamia na kuuliza kila bonge limetoka wapi. Nyuma ya kisima nyasi ziliota nene kuliko kwingineko kote.

Siku moja Gunvor alikuwa anaingia na ndoo ya maji. Marit alikuwa amesimama wima kwa mara ya kwanza, ameshika ukingo wa kitanda, kampa mama yake mgongo. Aliutazama ukuta mpya, akacheka, akanyoosha mikono.

"Mama," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Gunvor aliitupa ndoo, akaitika kwa sauti kubwa, haraka, kabla hajaitika mwingine.